Picha Haikohoi

Mwanangu Upendo,

Pole ya msiba nilikupa pale pale Kyimo mbele ya watu, kwa maneno yale yale tunayopeana wote, na sina haja ya kuyarudia. Barua hii ni ya lile swali lako. Siku ya pili baada ya kumzika baba mkwe wako tulikuwa jikoni, mimi na wewe na rundo la ndizi za kumenya ambalo lilikuwa halipungui, ukanivuta pembeni na mikono yako imejaa utomvu, ukaniambia, "Shangazi, wewe ulikuwa rafiki yake tangu utoto. Hebu niambie, nilimkosea nini?" Kisha ukanipeleka chumbani kwako ukanionyesha ile picha. Watoto wake wote aliwaachia picha ya uso wake, kila mmoja ya kwake, alizozichora mwenyewe mwaka huu wa mwisho alipoona mwili unaanza kumkatalia. Wewe, mke wa Lusekelo, alikuachia picha ya mzee aliyekaa kwenye kigoda, kakupa mgongo, anatazama mlima. Ulikuwa umeigeuza ikatazama ukuta. Ukasema, "Miaka yote nimeishi naye hapa, nikiingia yeye anatoka, nikimsalimia ananijibu kupitia mtoto. Lusekelo ananiambia ni mila za wazee wa Kinyakyusa, nisijali. Sawa, nikajikaza. Lakini hata kufa anipe mgongo?" Nikafungua mdomo nikujibu, na hapo hapo akaingia mama mmoja anatafuta sufuria kubwa, na alfajiri yake nilikuwa kwenye basi narudi Iringa. Njiani nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu akasogea dirishani, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Kwa hiyo kaa chini na chai yako, maana jibu lipo, ila limeanzia mbali, na mimi si mtu wa kufupisha.

Limeanzia mwaka ule tuliomaliza darasa la saba, mimi na Asajile, huyo huyo baba mkwe wako. Hatukuchaguliwa kwenda sekondari na wala hatukushangaa, kwani waliochaguliwa shule nzima wangetosha benchi moja. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Wewe umezaliwa umekuta maduka yamejaa, hivyo acha nikueleze. Sisi tulikua tukijua kwamba duka ni la ushirika, lina kaunta ndefu, mizani, na muuzaji wa kukuambia hakuna. Halafu ghafla kila mwenye ukuta unaotazama barabara akatoboa dirisha akaanza kuuza. Vitu vikapanda kutoka mpakani, vikashuka kutoka Mbeya: sabuni za kunukia, betri, mafuta ya kupikia, kandambili za rangi ambazo watu walizivaa na soksi kanisani. Na kila duka likataka maandishi na picha, kwa sababu sasa maduka yalikuwa mengi na mteja ana hiari ya kupita. Asajile alikuwa amechora tangu tulipoanza kujuana, kwa mkaa, kwa udongo mwekundu, kwa chochote kinachoacha alama, na walimu walikuwa wanamtoa darasani akawachoree ramani. Lakini mama yake hakuona mtu aliyewahi kula ramani. Mjomba wake alikuwa mnyapara kwenye mashamba ya chai, na walishakubaliana: Pasaka ikipita, mjomba atakuja kumchukua akachume chai, isipokuwa kama hiyo rangi yake itakuwa imeanza kumlisha. Asajile alilichukia lile neno Pasaka mwaka mzima, yeye mtoto wa kwaya.

Mimi nilikuwa kwenye mgahawa wa mama yangu, pale Makandana. Ukiufikiria mgahawa usifikirie makubwa. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi mawili marefu na meza ya mbao iliyosuguliwa kwa mchanga mpaka ikawa nyeupe, na mlango mpana unaotazama barabara na, mvua ikikatika, Mlima Rungwe wote. Nyuma yake jiko, na kati ya jiko na chumba dirisha dogo la kupitishia vikombe. Wateja walikaa wakitazama nje, kwani nani anakunywa chai akitazama jiko wakati magari ya Kyela yanapita? Kwa hiyo mimi niliyekuwa jikoni niliwajua watu wa Makandana kwa nyuma. Sikuhitaji kuambiwa. Nikiona shingo fulani nilimimina chai ya maziwa bila sukari. Nikiona koti fulani lenye mshono ulioachia begani niliweka maandazi mawili na parachichi. Asajile alikuwa anakuja mvua ikinyesha, yaani kila siku, anakaa nami kwenye gunia la mkaa anakula magimbi ya mama yangu, na tukawa na mchezo wetu: yeye anachora kisogo cha mtu kwa mkaa kwenye sakafu, mimi nataja jina. Sikumbuki kama nilikosea. Mama alikuwa akipita na fagio anafuta kijiji kizima, anasema, "Asajile, leo umeniletea watu wengi na hakuna aliyelipa." Wapo waliotutania kuwa sisi ni wachumba, mtoto wa msikitini na mtoto wa kwaya, na sisi tulikuwa na kazi nyingi mno ya kucheka watu hata tusipate nafasi ya mambo hayo.

Ukuta kwa ukuta na mgahawa wetu palikuwa na duka jipya la Mzee Anyosisye. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya Zambia, akarudi na kofia pana, koti zito la kahawia, na maoni juu ya kila kitu. Duka lilikuwa na mlango mmoja wa mbele, na muuzaji wake alikuwa mke wa mwanawe mkubwa, Mama Sekela, mwanamke mwenye hesabu kali kichwani na kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Sasa hapa ndipo penye mambo, Upendo, na wewe mtoto wa Dodoma usikasirike nikikueleza kama mgeni. Kwa Wanyakyusa wa enzi ile mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, na wakikutana njiani ni mkamwana anayejitosa kwenye migomba na khanga kichwani. Wanaita kutila. Ni heshima yenye woga kidogo ndani yake. Na baba mkwe si mtu mmoja: ni yeye, na ndugu zake, na wazee wa rika lake, hivyo mzee kama Anyosisye alikuwa baba mkwe wa karibu nusu ya wanawake walioolewa pale mtaani. Basi walikuwa wamepanga vizuri. Mzee akitaka kuingia dukani mwake husimama kwenye kona ya mgahawa wetu na kukohoa. Mama Sekela akisikia kikohozi hutoka na khanga kichwani, anaingia jikoni kwetu, anaketi kwenye gunia anakunywa chai yake. Mzee anaingia, anashika shika vitu, anatoka, anakohoa tena, na mkamwana anarudi kazini. Mama yangu alikuwa akisema ndoa nyingi zingepona kama watu wangejifunza kukohoa.

Mzee alitaka picha. Alikuwa ameona huko alikokuwa maduka yenye sura ya mwenyewe ukutani, na akamwita Asajile nje ya mgahawa mbele yangu. "Nataka mtu akishuka kwenye gali ajue duka ni la nani," akasema kwa ile lafudhi yake ya Kinyakyusa. "Siyo malembo tu. Malembo kila mtu anayo. Nataka sula yangu." Asajile akauliza anataka ukubwa gani. Mzee akatazama ukuta ulio kando ya mlango, akaupima kwa fimbo kutoka chini mpaka kwenye bati, akasema, "Wote." Rangi za makopo zikaletwa kutoka Mbeya, nyekundu na nyeusi na nyeupe na buluu. Brashi kubwa ilinunuliwa, ndogo Asajile alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe na vijiti vya mianzi. Kahawia ya ngozi haikuwepo kwenye kopo lolote, akaipata kwa kuchanganya nyekundu na nyeusi na udongo wa njano kutoka kwenye shimo la wafyatua matofali, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo na kukoroga mpaka aseme basi. Mzee alikaa kwenye kigoda mbele ya ukuta siku zote hizo, duka limefungwa, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote, hasemi wala hatikisiki. Wanaume walikuja kutazama, watoto walikuja, mwinjilisti alikuja. Wanawake wengi hawakuja, nasi hatukujiuliza kwa nini. Mzee mwenyewe si alikuwa amekaa pale, kila mkamwana alipita njia ya nyuma kama kawaida. Picha ilipokwisha Mzee aliinuka, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Nunu fijo," nzuri sana, na akaenda nyumbani kula. Nilimtazama Asajile. Alikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekwisha kumwambia mjomba asije.

Asubuhi yake Mama Sekela alikuja kufungua duka. Nilikuwa napuliza moto. Nikasikia kandambili zake zinakuja kwa ule mwendo wake wa haraka, zikafika kwenye kona, kisha nikasikia mlango wa jikoni unapigwa na bega na Mama Sekela yuko ndani, khanga kichwani mpaka kidevuni, ameketi kwenye gunia lake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Amekaa hapo tangu saa ngapi? Mbona hakukohoa?" Nikatoka kutazama. Hapakuwa na mtu. Nikarudi nikamwambia, "Mama Sekela, ile ni picha." Akafunua khanga jicho moja. "Najua ni picha," akasema, baada ya kufikiri. "Ananitazama." Na kweli alikuwa anatazama, Asajile alikuwa ameyaweka macho yale sawasawa kabisa, ukipita kushoto yanakufuata, ukipita kulia yanakufuata. Mama Sekela hakuinuka pale mpaka mchana. Wakamwana wengine walifika na vikapu vyao, wakaishia kona, wakageuka na kushika njia ya migombani kwenda maduka ya mbele. Duka likashinda limefungwa siku ile, na kesho yake, na keshokutwa, na Mzee Anyosisye ndani ya ukuta ule ametulia, anatazama barabara kwa fahari.

Mgahawa wetu haujawahi kujaa kama siku zile. Nilikuwa nimekaa nyuma ya dirisha langu naimiminia migongo chai na kusikiliza. Swali lilikuwa moja, kama picha ni mtu. Mwinjilisti alisema rangi ni rangi, na Mkristo haogopi rangi. Dereva mmoja wa lori akaunga mkono, akasema, "Kwenye noti si kuna sura ya mzee? Mbona wakamwana wanazishika?" Akajibiwa kutoka benchi la pili kwamba yule wa kwenye noti hana mwana aliyeoa Makandana. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mwingine akasema Mama Sekela anajitia tu, anataka kupumzika. Hapo Mama Sekela aliyekuwa jikoni nami, na ambaye wateja walikuwa wamesahau kuwa yupo, akasema kupitia lile dirisha dogo, "Mwenyewe hukohoa akija, hukohoa akiondoka. Picha haikohoi. Mimi nitajuaje ameondoka?" Asajile alikuwa kando yangu kwenye gunia, kichwa kati ya magoti. Ukitaka kujua uchungu wake, ni kwamba alikuwa amefaulu. Angechora vibaya, wakamwana wangepita wakicheka, na Pasaka ingekuwa mbali. Nikamwambia hivyo, kwa kumfariji. Hakufarijika.

Mama yangu, Mungu amrehemu, akapata dawa. Akatoa shuka lake jeupe la kitanda, jipya, akasema likatundikwe juu ya picha mchana kutwa, jioni liondolewe. Mimi na Asajile tukapanda kwenye kigoda tukalipigilia juu kwa misumari midogo, likashuka vizuri, likamfunika Mzee kuanzia kofia mpaka viatu. Ilikuwa siku ya soko. Saa tano hivi wakapita wanawake wa Suma na mizigo yao kichwani, wakaona sura waliyokwisha kusikia habari zake imefunikwa shuka jeupe kama maiti. Mmoja akatua mzigo akaweka mikono kichwani. Kilio kilipoanza kikaja kingine, na kabla hatujaelewa kulikuwa na akina mama wamekaa chini mbele ya duka, na mtu ameshaleta mkungu wa ndizi, na mwinjilisti anatafutwa. Mzee Anyosisye akasikia kilio kutoka nyumbani kwake akavaa kofia akaja upesi, kama jirani mwema, akitaka kujua ni nani amekufa. Wakamwana waliokuwepo wakatoweka migombani kwa mkupuo mmoja, wakiacha vikapu. Mzee akauliza tena. Mama yangu akasema, "Mzee wangu, ni wewe." Nililazimika kukimbilia jikoni na kuingiza uso kwenye gunia la mkaa, na nilitoka na uso mweusi uliowachekesha hata waliokuwa wanalia. Mkungu wa ndizi ulipikwa siku ile ile, na Mzee mwenyewe alikula, akasema hakuna mtu aliyewahi kula ndizi za msiba wake akashiba.

Lakini jioni alimwita Asajile, na hapo hakuwa anacheka. "Kasi ni nsuli," alimwambia, yaani kazi ni nzuri. "Sijaona kasi kama hii. Kesho paka chokaa." Asajile alirudi jikoni kwetu na kuketi. Pasaka ilikuwa wiki ile, na mjomba alikuwa ameshatuma salamu kwamba anakuja. Ukuta ukipakwa chokaa kila mtu atauliza kwa nini, na atajibiwa kwamba ni mtoto yule anayechora, yule aliyefunga duka la watu. Na nani atampa ukuta mwingine? Hakuyasema hayo. Alisema tu, "Zuhura, chai inachumwa kwa mikono miwili. Siwezi hata kushika mkaa kwa mkono wa pili." Mama akanipa kikombe nipitishe dirishani, nikachungulia kujua ni cha nani, nikaona kofia pana, mabega yaliyoinama, masikio mawili yaliyosimama nje kama vishikio vya sufuria, na mkono umewekwa nyuma umeshika fimbo. Nikatia sukari vijiko vinne. Asajile akauliza ni nani, kwa mazoea tu, kwa mchezo wetu. Nikasema, "Mzee Anyosisye, nani mwingine? Mimi yule namjua kwa nyuma zaidi ya mbele." Akainua kichwa. Akasimama, akanisogeza, akaweka uso wake kwenye lile dirisha, na hakuondoka pale mpaka chai ya Mzee ilipokwisha. Kisha akatoka mbele akamwambia, "Mzee, chokaa nitapaka mimi. Halafu niachie ukuta niuchore tena." Mzee akauliza atachora nini. "Wewe." "Na wakamwana?" Asajile akasema, "Watapita." Nadhani Mzee alikubali kwa sababu alikuwa amekwisha kuizoea sura yake ukutani na hakutaka kuachana nayo.

Safari hii Mzee hakukalishwa, alikunywa chai yake kwenye benchi letu kama kawaida. Asajile alichora kwa kukimbia kati ya ukuta na dirisha letu la jikoni, anachungulia, anakimbia, anachora. Akakichora kigoda, koti la kahawia lenye mkunjo wake mgongoni, shingo, masikio, kofia, mkono na fimbo, na mbele ya hayo yote akauchora Mlima Rungwe na ukungu ukiwa umeukata katikati, kama unavyouona ukikaa pale pale. Siku alipomaliza mjomba alikuwa ameshafika, amekaa benchi la mbele na begi la mpwa wake miguuni, anakula maharage. Mzee Anyosisye akaja akatazama. Uso ukamshuka. "Mbona nawapa watu mgongo?" akasema. "Mimi nina ugomvi na nani?" Mama yangu ndiye aliyemshika Mzee mkono, akamwingiza kwenye mgahawa, akamketisha pembeni nyuma ya mlango ambako haonekani, akamwambia, "Mzee wangu, kunywa chai. Na leo usikohoe." Kisha akanituma nimwite Mama Sekela.

Mama Sekela alifika kwenye kona na khanga kichwani, tayari kwa mbio. Akachungulia. Akasimama. Nikaona khanga inarudi nyuma polepole, kwenye paji la uso, kwenye nywele, ikashuka mabegani, na akabaki kichwa wazi katikati ya barabara. Akasogea mbele. Akasogea tena, mpaka akawa karibu na ukuta kiasi cha kunusa rangi. "Kumbe mabega yake yameinama hivi," akasema, hakuna aliyemwuliza. "Amechoka huyu mzee." Kisha akacheka kile kicheko chake, lakini kidogo. "Na yale masikio. Kumbe masikio ya mume wangu yametoka huku. Na Sekela wangu. Miaka yote nimempikia, nimemfulia, nimezaa wajukuu wake, na sikuwahi kumwona." Akaweka kiganja kwenye ukuta kando ya koti, akakitoa upesi, kikawa na kahawia. Akafungua duka. Mchana wakaja wengine, wawili wawili, wakisukumana kwenye kona, na kila mmoja alifanya vile vile: khanga inarudi nyuma, halafu anasogea. Mmoja alikaa chini kabisa akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Nilichungulia nyuma ya mlango. Mzee Anyosisye alikuwa ameishika chai yake haijapungua, na machozi yanamtoka, wala hayafuti. Alikuwa anawasikia. Hakukohoa, Upendo, ingawa wote tulijua kifua kile na tulijua kinavyowasha. Jioni walipokwisha kuondoka alitoka, akamwendea Asajile, akavua ile kofia kwa mtoto wa darasa la saba, akasema, "Ndaga, baba." Asante. Mjomba akaomba kifungashio cha maandazi akapanda basi peke yake. Begi alimwachia mpwa wake, limejaa nguo zake zilizokunjwa za kuchumia chai, nasi tukazitumia kufutia brashi.

Mengine unayajua, kuta zote kuanzia Tukuyu mpaka Kyela zimepita mikononi mwake. Sasa nirudi kwako. Asajile hakuwa mtu wa mila kali, lakini mama yake alikaa naye ndani mpaka alipofariki, na bibi yule asingevumilia kuona mkamwana anapeana mkono na baba mkwe. Na bibi alipofariki, Asajile alikuwa amekwisha kuzoea kukupisha, na aibu yake kwako ilikuwa kubwa kuliko yako kwake. Alikuwa akinipigia simu Jumapili. Mwaka huu akaniambia anawachorea wote picha, kila mtu ya kwake. Zile za uso, akasema, alizimaliza upesi. Kioo kipo, uso anaujua. Moja ndiyo inayomchosha. Nikauliza ipi. "Ya mke wa Lusekelo. Zuhura, mgongo wangu sijawahi kuuona." Tulicheka mpaka salio likaisha. Muulize mwanao Tumaini, atakuambia babu yake alimpa simu akamwambia ampige picha kwa nyuma, mara kwenye kigoda, mara amesimama, na kwamba alipoziona alisema, "Huyu ni nani mzee hivi?" na kuanza upya. Alianza upya mara nyingi. Alitaka ukimtazama usiogope, na alitaka umwone alivyo, na hiyo ndiyo njia aliyokuwa anaijua tangu tukiwa watoto.

Kwa hiyo nenda chumbani, mwanangu, uigeuze. Itundike mahali unapokaa wewe, siyo pale wanapokaa wageni. Tazama masikio, utamkuta Lusekelo. Tazama lile bega la kushoto, limeshuka kwa sababu ya miaka ya kubeba ngazi. Rudisha khanga nyuma, ukae hapo na chai yako hata mchana kutwa ukitaka. Hatakohoa.

Shangazi yako,
Zuhura